Windy kwa boti ndogo za matembezi: siku inaijua, saa bado

Kwa wenye boti za faiba za Nungwi, Kizimkazi, Mafia na Watamu, programu ya hali ya hewa ya Windy imeshakuwa sehemu ya vifaa vya boti, sawa na nanga na dumu la akiba. Ilianzishwa mwaka 2014 na Mcheki Ivo Lukačovič, na sehemu kubwa yake hailipiwi. Hapa tunaipima kwa kazi moja tu: kuamua kama boti ya mita 6 au 7, isiyo na sitaha, yenye mashine moja ya farasi 40 na watalii wanane hadi kumi, itoke au ibaki. Uzuri wa rangi zake hatuupimi, ingawa rangi zenyewe zinapendeza kiasi kwamba wengine huishia kutazama rangi na kusahau kusoma namba.

Kwa miezi ya kusi na kaskazi tunaipa 8 kati ya 10. Kwa masika na vuli, 4. Tofauti hiyo kubwa inatokana na namna programu yenyewe inavyofanya kazi.

Windy haitabiri kitu. Inachora hesabu za utabiri za wengine: ECMWF ya Ulaya, GFS ya Marekani, ICON ya Ujerumani na nyinginezo. Hesabu hizo hugawa dunia katika visanduku. Kisanduku cha ECMWF kina upana wa kilomita 9 hivi, cha ICON 13, cha GFS zaidi ya 20. Mlango wa mwamba, yaani pengo boti zinamopita kwenye mwamba wa pwani, wenye upana wa mita 80 hauonekani kabisa humo, na kisiwa cha Mnemba chote hakitoshi kuwa hata kona ya kisanduku. Upepo wa kusi, kwa upande wake, ni mfumo mkubwa unaotoka kusini ya Bahari ya Hindi na kuvuma kwa wiki nzima bila kubadili nia, kwa hiyo visanduku vya kilomita 9 vinautosha. Windy ikisema Jumatano kusi itapanda kutoka noti 12 hadi 20, panga Jumatano kuwa siku ya kuosha boti.

Noti 1 ni maili moja ya bahari kwa saa, yaani kilomita 1.852. Hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa angalizo kwa kilomita kwa saa: upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Nahodha akifungua Windy akaona 22, anadhani ni upepo wa nusu ya ule uliotangazwa. Kumbe 22 za noti ndizo kilomita 40 zenyewe. Gusa mstari wa rangi ulio chini ya ramani, kipimo kitabadilika. Chagua kimoja na ubaki nacho mwaka mzima. Saa nazo zina mtego wake. Skrini ikiandika 9 asubuhi ni saa 3 yetu, ikiandika 15 ni saa 9 alasiri. Wafanyakazi wawili wakipeana habari kwa simu, mmoja akisoma skrini na mwingine akihesabu Kiswahili, wanaweza kupishana kwa saa sita nzima na kila mmoja akaamini wameelewana.

Jambo la pili ni mzigo wa upepo. Nguvu yake haipandi sambamba na kasi, inapanda kwa kasi mara kasi. Kutoka noti 10 kwenda 20, msukumo kwenye turubai la kivuli na kwenye ubavu wa boti unakuwa mara nne. Kwa hiyo usisome tabaka la upepo wa kawaida peke yake. Fungua na lile la upepo wa ghafla. Wastani wa 12 wenye vipigo vya 15 ni siku tulivu yenye upepo. Wastani wa 11 wenye vipigo vya 22 ni hatari zaidi, kwa sababu boti inatoka ikiwa na turubai limekunjuliwa na watu wamekaa kienyeji, kisha linakuja pigo moja lisilotarajiwa.

Mawimbi ndiyo sehemu ambayo Windy inaifanya vizuri kuliko watu wanavyoitumia. Wengi husoma urefu tu. Urefu unaoonyeshwa ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi, ile ya yaliyo makubwa kuliko mengine. Ukiandikiwa mita 1.2, tarajia ndani ya safari ya saa kadhaa kukutana na wimbi moja moja la karibu mita 2 au zaidi. Na kando ya urefu kuna sekunde, yaani muda kati ya wimbi na wimbi. Mita 1.5 kwa sekunde 12 ni mawimbi marefu yaliyotoka mbali: kutoka mgongo hadi mgongo ni zaidi ya mita 200 kwenye maji ya kina kirefu, boti inapanda na kushuka kama iko kwenye pumzi ya mtu aliyelala. Mita 1.5 kwa sekunde 5 ni kitu kingine kabisa. Mgongo hadi mgongo ni mita 40 hivi, mteremko ni mkali, omo, yaani mbele ya boti, linachoma wimbi la pili kabla halijainuka kutoka la kwanza. Urefu ni ule ule, ila siku ya pili boti inajaa maji.

Ila sekunde 12 nazo zina deni lake, na hulipwa kwenye mwamba. Wimbi refu likifika penye maji machache hupunguza mwendo, husimama wima na kuvunjika pale kina kinapokaribia urefu wake mara 1.3. Wimbi la mita 1.5 litavunjika penye kina cha mita 2 hivi. Hapo Windy haina la kukuambia, kwa sababu haijui mlango wa mwamba wa kijiji chako uko wapi wala una kina gani saa hiyo.

Kwenye bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji ya Unguja hupanda na kushuka kwa karibu mita 4. Hayashuki kwa mwendo mmoja: saa ya tatu na ya nne baada ya kujaa hubeba nusu ya mteremko wote, yaani mita 2 ndani ya saa mbili. Boti iliyotoka maji yamejaa, ikapita juu ya mwamba bila kuuona, inarudi saa tano baadaye na kukuta mwamba uleule umetoa meno. Pwani yote ya mashariki, kuanzia Matemwe hadi Makunduchi, njia pekee inayobaki wakati huo ni mlango, na mlangoni ndiko maji yanakotoka kwa kasi kuelekea bahari kuu huku mawimbi ya kusi yakiingia. Maji yanayotoka yakigongana na mawimbi yanayoingia, mawimbi hufupika, hunyanyuka na kuvunjika. Kinasi kule Mafia, mlango wa kutokea ghuba ya Chole, ni mfano mzuri: maji yakijaa hupitika vizuri, na saa chache baadaye, kwa upepo ule ule, mlango unachemka.

Windy ina jedwali la kujaa na kupwa kwa baadhi ya vituo, lakini haikwambii maji hayo yakikutana na mawimbi mlangoni mwako itakuwaje. Kukutanisha ni kazi yako. Tungeshusha alama nyingine kwa hilo, ila hakuna programu mpinzani tunayoijua inayofanya vizuri zaidi kwa pwani yetu.

Kurudi ndiko kunakozamisha boti. Asubuhi ya kusi upepo huwa mdogo, unaanza kuongezeka kuelekea adhuhuri jua linapopasha nchi kavu, na hufika kileleni kati ya saa 6 mchana na saa 10 jioni. Safari nyingi za kuzamia na kutazama samaki hupangwa zirudi hasa ndani ya muda huo, baada ya chakula cha mchana. Toleo la bure la Windy linaonyesha hali kila baada ya saa tatu. La kulipia linashuka hadi kila saa. Kwa mtu anayetoka kila siku, saa hizo za kati zinastahili bei, kwa sababu upepo unaopanda kutoka 11 hadi 18 kati ya adhuhuri na saa 9 alasiri unaweza kuwa umeshafika 17 saa 7, na toleo la bure halitakuonyesha.

Boti inayorudi na mawimbi mgongoni hukabiliwa na mambo mawili. Kwanza, tezi, yaani nyuma ya boti. Boti nyingi za faiba zina ubao wa nyuma uliokatwa chini ili mashine ikae, na juu yake kuna uzito wa mashine, nahodha na madumu ya petroli. Nahodha akipunguza mwendo ghafla, wimbi linalomfuata linapanda juu ya tezi na kuingia. Pili, omo likichomeka kwenye mgongo wa wimbi la mbele huku la nyuma likisukuma, boti hugeuka ubavu, na ubavu ukielekea wimbi kinachofuata ni kupinduka. Dawa ni kukaa nyuma ya mgongo wa wimbi moja na kwenda kwa mwendo wake, bila kulipita wala kuliacha likupite, na kusogeza abiria wawili watatu kutoka nyuma kuja katikati, chini, sakafuni. Siyo juu ya paa kupiga picha za pomboo.

Sentimita 10 za maji kwenye sakafu ya mita 5 kwa 2 ni tani moja, uzito wa watu kumi na wanne, na ni watu wasiokaa: boti ikilalia kushoto wote wanakimbilia kushoto. Kwa hiyo bomba la ngama, yaani la kutoa maji yaliyoingia chini ya boti, linalotumia betri ni kitu cha lazima, na ndoo mbili zilizofungwa kamba ni za lazima zaidi, maana betri ikilowa bomba limekufa. Mashine nayo huzima siku ya mawimbi kwa sababu isiyo ya bahati mbaya hata kidogo: uchafu na maji vilivyotulia chini ya tangi au dumu kwa wiki nzima vinakorogwa na mtikisiko, vinaingia kwenye chujio na kuliziba. Chujio la kutenganisha maji, lenye kikombe cha kuonea, lisafishwe kabla ya kila msimu na libebwe jingine la akiba. Petroli iwe theluthi moja ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya kutokugusa. Kurudi dhidi ya kusi kunakula mafuta kuliko kwenda.

Kuna udanganyifu mmoja ambao ramani ya upepo huueleza vizuri kwa anayejua kusoma mshale. Upande wa magharibi wa Unguja, mbele ya Mji Mkongwe, kusi hupita kwanza juu ya kisiwa. Karibu na ufukwe maji yanalala kama kwenye beseni, watalii wanauliza kwa nini safari ya Changuu au Bawe isifanyike. Mshale lakini unaelekea nje, kwenye mkondo kati ya Unguja na bara. Mashine ikizima, boti haisukumwi ufukweni, inapelekwa, na kila mita mia inayopelekwa mawimbi yanakua. Nanga yenye kamba ya mita 15 haigusi chini huko. Kamba ya mita 50, na kipande cha mnyororo wa mita 3 mbele ya nanga, ndiyo bima. Sehemu ya kusini ya mji haina hata kinga hiyo ya kisiwa: MV Skagit, iliyokuwa na abiria zaidi ya 200, ilipinduka karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, katikati ya msimu wa kusi.

Wakati wa kaskazi mambo yanageuka. Kizimkazi inatulia, Nungwi na Kendwa zinapata mawimbi. Mkondo wa pwani yetu hutiririka kwenda kaskazini mwaka mzima, hivyo upepo wa kaskazi unavuma dhidi yake, na maji ya nje ya Ras Nungwi huchafuka kuliko namba za upepo zinavyoahidi. Ongeza noti 3 au 4 kichwani kwenye kile unachokisoma.

Sasa zile alama 4.

Masika na vuli, upepo mkubwa wa msimu unakuwa haupo au unayumba, na hatari inatoka kwenye mawingu ya mvua yanayozaliwa na kufa ndani ya saa moja au mbili. Mvua inapoanguka inapoza hewa, hewa baridi inaporomoka na kusambaa mbele ya wingu. Upepo unaweza kutoka noti 6 hadi 30 ndani ya dakika chache na kugeuka upande. Wingu lenyewe lina upana wa kilomita chache. Kisanduku cha kilomita 9 hakiwezi kulishika. Windy itaonyesha siku ya kijani yenye mvua kidogo hapa na pale, na boti mbili zilizoachana kilomita 6 zitakuwa na siku mbili tofauti. Kwa kimbunga hali ni nyingine: Hidaya, kilichofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, kilionekana siku kadhaa mapema na taarifa zilitoka. Kinachopindua boti ndogo mwezi Aprili ni lile wingu lisilo na jina.

Windy bado inasaidia kidogo hata hapo. Tabaka la CAPE hupima nishati iliyofungiwa angani inayosubiri kulipuka kuwa ngurumo. Likiwa juu alasiri, safari iwe ya asubuhi na ya ndani ya mwamba. Picha ya setilaiti hubadilika kila robo saa hivi, na inaonyesha mawingu yaliyopo badala ya yaliyotabiriwa. Itazame mwisho kabisa, ukiwa bado una mtandao. Baada ya hapo ni macho. Mstari mweusi juu ya maji, ubaridi wa ghafla shingoni, upepo unaokatika kabisa huku wingu likikaribia. Wingu lililo maili 5 likija kwa noti 20 linakupa dakika 15: kunja turubai, kila mtu avae jaketi la kuokolea na kukaa chini, omo lielekee upepo, mashine mwendo mdogo. Usikimbilie mlango wa mwamba.

Majaketi yavaliwe, yasikaliwe. Takwimu za walinzi wa pwani wa Marekani kwa boti za burudani mwaka 2022 zilihesabu vifo 636. Pale sababu ilipojulikana, robo tatu walizama, na katika hao asilimia 85 hawakuvaa jaketi. Takwimu hizo hizo huonyesha kila mwaka ajali nyingi zikitokea maji yakiwa shwari, kwa sababu siku hizo ndizo watu wengi hutoka. Rangi ya kijani kwenye ramani haimvui mtu jukumu.

Matumizi tunayoyapendekeza ni haya. Jioni ya kuamkia safari, weka alama mbili: unakokwenda, na mlango utakaorudia. Kwa kila moja linganisha ECMWF, ICON na GFS. Zikitofautiana kwa zaidi ya noti 5, chukua mbaya kuliko zote. Andika saa ya kurudi kwanza, kisha kando yake kina cha maji mlangoni saa hiyo, ndipo upange saa ya kutoka. Kwa boti tuliyoitaja, wastani wa hadi noti 12 na vipigo chini ya 16 ni sawa. 13 hadi 16 ni safari ya ndani ya mwamba tu. Zaidi ya hapo, au mita 1 ya wimbi kwa chini ya sekunde 6, boti ibaki. Ngalawa yenye ndubi zake za pembeni inavumilia ubavu vizuri zaidi lakini hujaa maji mapema, kwa hiyo ipe noti 2 pungufu. Piga picha ya skrini, maana nje ya mwamba mtandao hupotea.

Windguru, mpinzani wake, ana jedwali linalosomeka haraka hata kwa simu ya kioo kidogo na mtandao dhaifu, na upepo, vipigo, mawimbi na sekunde vyote viko safu moja chini ya nyingine. Kwa uamuzi wa dakika moja tunampenda kuliko Windy. Nyota zake tu zisikudanganye: huwapimia wacheza kaiti wa Paje, na siku ya nyota tatu kwao ni siku ya boti kubaki kwenye magogo.

TMA haina ramani inayocheza, ila ina watabiri wanaoijua pwani hii, na taarifa yake ni ya Kiswahili. Kila siku hutoa tahadhari za siku tano, zikitenganisha pwani ya kaskazini pamoja na visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia, na pwani ya kusini ya Lindi na Mtwara. Njano ni angalizo, rangi ya machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Njano yao kwa boti ya mita 7 ni nyekundu, kwa kuwa rangi zimepangwa kwa ajili ya vyombo vya kila ukubwa. Ng'ambo ya mpaka, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa taarifa za bahari zinazofaa Shimoni, Watamu na Lamu. Windy ikisema kijani na TMA ikasema njano, fuata TMA.

Mgeni anayelipia safari anaweza kuuliza maswali mawili kabla ya kutoa pesa: tunarudi saa ngapi, na maji yatakuwa wapi saa hiyo? Nahodha mzuri atajibu yote mawili bila kutoa simu mfukoni.